Baada ya Kombe: Kitabu cha Lewiston na Swali la Chuo Kidogo



Kuna kitabu ambacho kimekuwa kikipita mikononi mwetu, hasa kwa wenye ndugu Marekani. Kinaitwa One Goal, cha Amy Bass, kilitoka 2018. Nimekisoma chote na Kiingereza changu cha kuvunjikavunjika. Leo nataka kukisifu kidogo na kugombana nacho zaidi kidogo, maana naona tunakisoma kwa furaha mahali ambapo tungepaswa kuuliza maswali.

Kwa wasiokijua: Lewiston ni mji wa zamani wa viwanda vya nguo katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani. Viwanda vilifungwa, watu wakapungua, halafu kuanzia 2001 Wasomali waliokuwa wakimbizi wakaanza kuhamia pale. Mwaka 2002 meya, Laurier Raymond, aliandika barua ya wazi akiwaomba wapunguze mwendo wa kuja. Miaka 13 baadaye, Novemba 2015, timu ya shule ya sekondari ya mji huo, yenye watoto wengi wa wakimbizi, Wasomali na wengine kutoka nchi kadhaa pamoja na Kongo, ilichukua kombe la jimbo kwa kuifunga Scarborough 1-0. Msimu ule walifunga magoli 113, wakafungwa 7. Kocha wao alikuwa Mike McGraw, mzungu wa palepale, mtu wa kazi ya miaka mingi. Na kelele yao kabla ya mechi ilikuwa ya Kiswahili: "Pamoja ndugu!" Wengi wao walikuwa wamepitia kambi za Kenya, Kiswahili wakatoka nacho huko.

Mtu wa Bukavu akifika ukurasa huo, moyo unaruka. Sikatai. Bass anajua kuandika mechi, jambo ambalo waandishi wengi hawaliwezi: unaona mpira wa kurusha unavyoingia ndani ya eneo la hatari, unaona nani amelala na nani amesimama. Na hakumfanya kocha kuwa mwokozi. McGraw wa kitabu anajifunza kama wanavyojifunza watoto.

Ugomvi wangu uko kwenye mjengo wa kitabu. Kombe ndilo kilele, kila kitu kinapanda kulielekea, na hata jina lake dogo linasema mchezo ndio uliounganisha mji uliogawanyika. Sawa. Lakini mvulana wa miaka 17 mwenye medali shingoni, Septemba inayofuata anaenda wapi? Katika mji uleule kuna Bates College, chuo cha wanafunzi 1,800 hivi, kilichoanzishwa 1855 na watu waliopinga utumwa. Benjamin Mays, mzee aliyemlea Martin Luther King kimawazo pale Morehouse, alihitimu Bates mwaka 1920. Amy Bass mwenyewe alisoma Bates. Na Bates ina timu ya mpira ya wanaume. Kutoka uwanja wa sekondari mpaka uwanja wa chuo, kwa miguu si mbali. Kwa makaratasi, kwa feza na kwa ujuzi wa nani wa kuuliza nini, ni mbali sana. Mimi ningetoa nusu ya magoli 113 nipewe sura moja nzima inayotembea njia hiyo.

Mtasema namlaumu mwandishi kwa kitabu ambacho hakutaka kukiandika. Labda. Ila sisi wasomaji ndio tunaofunga kitabu tukiwaambia watoto "mpira utakupeleka chuo", kana kwamba kombe lina mlango wa nyuma unaotokea oditwari.

Nina mpwa wangu kule Maine, mtoto wa dada. Familia ilifika Portland mwaka 2019, wakalala pamoja na mamia ya wengine, wengi Wakongo na Waangola, ndani ya Expo, ukumbi wa mpira wa kikapu ambao mji uliwafungulia. Mtoto alikuwa na miaka 11. Sasa ana 17, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anacheza namba 8, anapenda kemia, na alama zake ni za kumfanya bibi yake aombe zisomwe mara mbili kwenye simu. Baba yake anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee. Faili yao ya hifadhi mpaka leo haijajibiwa.

Shemeji yangu aliniambia hivi: "Shemeji, mu divizio ya tatu kunaenda bale balishindwa. Ule mutoto hapana wa kule."

Naelewa kabisa anapotoka. Kwetu divizio ni ngazi. Ukicheza Linafoot uko juu, ukicheza Entente Urbaine uko chini, ukifanya vizuri unapanda, ukilegea unashuka. Mtu aliyekulia kwenye mechi za Bukavu Dawa na Muungano hawezi kusikia neno "ya tatu" bila kuona vumbi. Lakini vyuo vya Marekani havipandi wala havishuki. Chuo kinachagua divizio kulingana na ukubwa wake, feza yake na namna kinavyotaka michezo ikae na masomo. Divizio ya Kwanza ina timu za wanaume zaidi ya 200. Ya Tatu ina zaidi ya 400. Messiah, chuo kidogo cha Pennsylvania, kilichukua ubingwa wa Divizio ya Tatu mara 11 kati ya 2000 na 2017, na hakikupandishwa popote, maana hakuna pa kupandishwa. University of Chicago, ambako watu wanapata Nobeli kama sisi tunavyopata malaria, wako Divizio ya Tatu. Walichukua ubingwa 2022, na kocha wao wa timu ya wanaume alikuwa mwanamke, Julianne Sitch, msimu wake wa kwanza pale.

Shemeji alikuwa ameona Vermont wakichukua ubingwa wa Divizio ya Kwanza Desemba 2024, wakiifunga Marshall 2-1 katika muda wa nyongeza, na tangu siku hiyo Vermont imekaa kichwani mwake. Mechi nzuri, kweli. Lakini Maine yenyewe haina timu hata moja ya wanaume ya Divizio ya Kwanza. University of Maine waliifuta yao mwaka 2009. Kwa hiyo ndoto ya baba ni ndoto ya kuhama jimbo, na kuhama jimbo ni bei nyingine.

Sasa tuje kwenye bursi, yaani ufadhili wa masomo, maana hapo ndipo neno moja linabeba mizigo miwili na kuangusha yote.

Kuna bursi ya mpira na kuna msaada kulingana na hali ya familia. Divizio ya Tatu hairuhusiwi kutoa bursi ya mpira, hata dola moja. Shemeji akisikia hivyo anafunga mlango: "Basi kule hapana feza." Kumbe upande wa Divizio ya Kwanza, kwa miaka mingi, timu nzima ya wanaume iliruhusiwa kuwa na bursi 9.9 tu. Tisa nukta tisa, kwa kikosi cha watu 25 au 30! Kocha aliikatakata kama muhogo wa familia kubwa: huyu robo, huyu nusu, huyu ada ya vitabu, huyu ahadi ya mwaka kesho. Kuanzia 2025 vyuo vilivyokubali utaratibu mpya wa mahakama vinaweza kumpa bursi kila mchezaji, kikosi kisizidi 28. Angalieni neno: vinaweza. Hakuna anayevilazimisha, na makocha wengi wa Divizio ya Kwanza wanatafuta wachezaji wa miaka 20 au 21 waliokwisha kulelewa katika akademi za Ulaya. Mtoto wa sekondari anashindania nafasi na mtu mzima.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Chuo kinagharimu dola 60,000 kwa mwaka. Kocha anakupa theluthi, watu wanashangilia, mama anapiga vigelegele. Zinabaki 40,000. Shemeji atazitoa wapi, katika usiku ngapi? Na jina lake bado liko kwenye orodha ya wanaosubiri hifadhi, kwa hiyo mlango wa serikali ya Marekani, ule wa msaada wa masomo kwa wenye kipato kidogo, kwake umefungwa. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi anaweza kuugonga. Anayesubiri jibu hawezi. Ndani ya jumuiya yetu kule watu hawatofautishi hali hizi mbili. Utasikia mmoja akisema "mutoto yangu alisoma bure, na wako atasoma bure", wakati makaratasi yao hayafanani kabisa.

Ndiyo maana nasema chuo kidogo kisidharauliwe. Bowdoin, pale Brunswick, Maine, na Amherst, kule Massachusetts, vyote vya Divizio ya Tatu, huamua kumpokea mwanafunzi bila kuangalia kama familia inaweza kulipa, hata kama mwanafunzi si raia, kisha hulipia pengo lote la mahitaji yake. Bates nayo inaahidi kumlipia mahitaji yote yule iliyempokea, ingawa uwezo wa familia unaweza kuangaliwa wakati wa kuchagua. Kwa familia kama ya dada yangu, "hakuna bursi ya mpira" inaweza kumaanisha kulipa kidogo kuliko chuo chenye bursi ya mpira. Nilimrudilia shemeji jambo hili mara tatu, kila mara kwa mfano mwingine, mpaka akaniambia nazungumza kama mhubiri.

Lakini mlango huo ni mwembamba sana. Bowdoin na Amherst miaka hii wanapokea chini ya mmoja kati ya kumi wanaoomba. Na hapa wanaosifu vyuo vidogo, ambao nao ni wengi, wananikera. Wanasema "chuo kidogo" kama jina la ukoo mmoja. Hapana. Kuna chuo kidogo chenye akiba ya mabilioni ya dola, na kuna chuo kidogo kinachohesabu wanafunzi kila Septemba kama mwenye duka anavyohesabu makreti. Chuo cha namna ya pili kinaihitaji timu ya mpira kwa sababu nyingine: kila mchezaji ni mlipa ada. Utaona kikosi cha watu 45, pamoja na timu B, na kocha ambaye kazi yake, bila kuandikwa popote, ni kuleta vichwa. Mtoto anaambiwa "tunakuhitaji". Ni kweli wanamhitaji, ila si lazima uwanjani.

Na vyuo hivi vinakufa. Cabrini, karibu na Philadelphia, ilifunga 2024. Birmingham-Southern, Alabama, ilifunga tarehe 31 Mei 2024, na siku hiyohiyo timu yake ya besiboli ilikuwa bado inacheza mashindano ya mwisho ya Divizio ya Tatu kule Ohio. Fikirini: mnacheza kwa ajili ya chuo ambacho jioni hakipo. Sisi tumezoea vyuo kusimama kwa mgomo wa maprofesa, miezi miwili, mitatu, halafu tunarudi. Chuo kufa kabisa hatukijui, ndiyo maana hatuulizi.

Kwa hiyo niliacha vipeperushi vyao, ambavyo vyote vina picha moja: majani mekundu ya msimu wa baridi unaokuja, Mwafrika mmoja anayecheka, profesa aliyekunja mikono ya shati. Kama fasihi ni fasihi dhaifu. Nikamwambia mpwa wangu tusome orodha ya wachezaji, ile ambayo kila timu inaiweka wazi. Niwaambie ukweli, ni andiko zuri kuliko kitabu cha Bass kwa anayejua kulisoma. Kila mchezaji ana mwaka wake wa masomo, nafasi, urefu, mji na shule alikotoka, mara nyingi na fani anayosomea. Unahesabu. Wako 14 wa mwaka wa kwanza na 4 wa mwaka wa nne? Basi kumi wamekwenda wapi? Unafungua orodha ya mwaka jana na ya mwaka juzi, unafuatilia majina kama mtu anayetafuta ndugu zake kwenye picha ya harusi. Wengine wamehama chuo, wengine wameacha mpira na kubaki na masomo, na hiyo si habari mbaya, ila ni habari. Katika timu moja mpwa wangu aliona viungo sita, wote wa mwaka wa pili. Akasema, "Mjomba, hapa nitakaa benchi mpaka nizeeke." Umeona? Hilo hakuna kocha angemwambia.

Halafu fani. Kijana wa kemia ana maabara, na maabara nyingi ziko mchana, saa zilezile za mazoezi. Orodha yenye watu 30 bila hata mmoja wa kemia, biolojia au fizikia inasema kitu. Labda ni bahati tu. Au labda kocha hapendi mchezaji anayefika mazoezi amechelewa dakika 40 akinuka asidi. Hili ndilo swali ambalo mpwa wangu alilipeleka kwa wachezaji wenyewe, si kwa kocha: maabara ikigongana na mazoezi, nani anasogea? Kwenye chuo kimoja walimjibu bila kufikiri kwamba ni mazoezi yanayosogea, wakamtaja na mwenzao anayekuja akikimbia kila Jumatano. Kwenye kingine walitazamana kwanza.

Kuhusu masomo yenyewe sitakaa sana, maana ninyi mnajua tulikotoka. Mwaka wa kwanza wengine wetu tulifuata kozi tukiwa tumekaa dirishani, mguu mmoja ndani mwingine nje, na profesa alikuwa sauti tu, mwili wake hatukuuona mpaka ezame. Chuo kidogo cha Marekani kinakupa darasa la watu 15 au 20 na mwalimu anayejua jina lako, na anayejua pia kwamba jana hukusoma. Kwa mtoto aliyejifunza Kiingereza akiwa na miaka 11, hiyo ina uzito kuliko rangi ya jezi. Ila ina upande wake mwingine: chuo cha watu 1,800 ni kijiji, usiku wa Februari ni mrefu, na Mkongo unaweza kuwa peke yako. Mama yake aliuliza tu kama kuna mahali pa kununua unga wa muhogo.

Sasa mpira, maana mimi ni mtu wa mpira na sitaki mdhani nimeusahau. Mpira wa vyuo vya Marekani ni mpira wa ajabu. Saa inahesabu kurudi nyuma mpaka sifuri, kama bomu kwenye filamu. Mchezaji anayetoka kipindi cha kwanza harudi katika kipindi hicho, lakini kipindi cha pili anaweza kutoka na kurudi mara moja. Matokeo yake kocha anabadilisha watu watano, sita kwa pamoja, kama basi linaloshusha abiria sokoni, na walioingia wanakimbia kama wameibiwa. Msimu unaanza mwisho wa Agosti, unamalizika Novemba, mechi mbili kwa juma, miguu haipati kupumua. Namba 8 anayependa kushika mpira, kuangalia, kuutuliza mchezo, anaweza kupotea kabisa katika kelele hizo. Na hapa divizio haikusaidii kujua. Kuna timu za Divizio ya Tatu zinazopiga pasi kumi na mbili kabla ya kuvuka nusu ya uwanja, na kuna za Divizio ya Kwanza ambazo kipa wao ndiye mchezeshaji. Timu nyingi hurusha mechi zao kwenye intaneti. Tulikubaliana tuangalie mechi mbili nzima za kila timu, dakika 90, si vipande vya magoli. Vipande vya magoli ni kama sifa za marehemu.

Kuna timu moja yenye jina kubwa tuliyoiacha kwa sababu hiyo tu. Wanashinda, sikatai. Lakini mpira unapita juu ya vichwa vya viungo wao mchana kutwa. Mtoto atakaa pale miaka minne akiangalia ndege?

Jambo la mwisho, na ndilo linaloumiza familia nyingi: maneno ya kocha. Katika vyuo hivi vidogo kocha hana bursi ya kutoa wala hana mamlaka ya kukupokea. Anachoweza ni kupeleka jina lako kwenye ofisi ya kupokea wanafunzi. Kwenye vyuo vigumu, kiangazi kabla ya mwaka wa mwisho, anaomba alama zako, anawapelekea waziangalie mapema, kisha anakuambia kama kuna matumaini. Hapo anakuambia uombe kwa uamuzi wa mapema, yaani Novemba unaahidi kwamba ukipokelewa utakwenda, na vyuo vingine utaviacha. Kocha anapenda ahadi hiyo kwa sababu inamfungia kikosi. Wewe inakufunga miguu. Unaweza kuachiwa kama msaada wa feza hautoshi, lakini ni lazima ujue hesabu yako kabla ya kutia sahihi. Tangu 2011 sheria ya Marekani inavitaka vyuo vinavyopokea msaada wa serikali kuu kuweka wazi kikokotoo cha gharama halisi. Unaweka kipato cha familia, idadi ya watoto, kinakupa makadirio. Kwa asiye raia makadirio hayo hayatoshi, inabidi kuandikia ofisi ya msaada na kupata jibu la maandishi. La maandishi, si la simu.

Kwetu hapa nako kuna ugonjwa wake. Watu wanazunguka mitaani wakisema wanajua kocha Marekani, leta dola 300 jina la mtoto liingie. Kocha halisi wa chuo haulizi dola 300. Anauliza alama na video, na kuwaandikia makocha ni bure. Jirani yangu mmoja alitoa feza hizo mbili mara, na anayezipokea bado tunakutana naye sokoni, anasalimia vizuri.

Wengi wetu tunamtaja Dikembe Mutombo kama mtoto wa Kinshasa aliyepelekwa na mchezo. Someni vizuri habari yake. Alifika Georgetown mwaka 1987 kwa bursi ya masomo ya Wamarekani, akitaka kuwa daktari. Timu ya mpira wa kikapu ya chuo aliingia baadaye, na alitoka pale na diploma ya lugha na diplomasia. Masomo ndiyo yaliyomvusha bahari, urefu wake ukafuata. Danny Mwanga, mzaliwa wa Kinshasa, mkimbizi, alipita njia nyingine: miaka miwili Oregon State, kisha mwaka 2010 akawa wa kwanza kuchaguliwa katika ligi ya Marekani. Shemeji anamjua Mwanga. Mimi namwambia ahesabu ni wangapi wengine anaowajua.

Basi faili ya mpwa wangu iko hivi. Alikuwa na kocha wa chuo cha mbali, Divizio ya Kwanza, aliyemwahidi sehemu ya ada na "nafasi ya kupigania". Na kuna chuo kimoja kidogo cha Maine, sitakitaja jina maana faili iko mezani kwao, ambacho kocha alisema wazi: mwaka wa kwanza utacheza kidogo, wa pili tutaona, maabara zako nitaziheshimu. Ofisi yao ya msaada ilijibu kwa maandishi kuhusu hali ya hifadhi. Mtoto amechagua hicho kidogo, ametuma maombi ya mapema katikati ya Novemba. Jibu linatoka katikati ya Desemba, na linaweza kuwa hapana. Ameandaa maombi mengine saba, pamoja na University of Southern Maine, chuo cha serikali, Divizio ya Tatu nacho, ambako angeweza kulala nyumbani.

Shemeji bado hajaacha kusema "ya tatu" kwa sauti ile. Ila juzi usiku, akiwa kazini, alinipigia kuuliza kama treni ya kutoka Portland inafika karibu na uwanja, na mechi za Jumamosi zinaanza saa ngapi.